Fundi Aliyetengeneza Taa

Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa miaka mingi kazi yangu nimeifanya nikiwa na gari la zamani ambalo wenzangu hunicheka kwalo. Ni gari refu la mashambani. Rangi ya boneti ilishapauka, na kiti cha nyuma nilikitoa zamani ili nipate nafasi ya dawa, kamba, ndoo na buti. Tunaishi Kimumu, pembeni mwa mji wa Eldoret, mimi na mume wangu, ambaye anafundisha historia katika shule ya upili. Yeye huniita Daktari, mimi humwita Mwalimu, hata tukiwa sisi wawili tu jikoni.

Gari hilo likiwa kwenye lami, injini huendesha magurudumu ya nyuma peke yake. Ukifika kwenye matope, unavuta kijiti kidogo kilicho kando ya gia, na magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Hiyo ndiyo four-wheel, na kwa mtu wa kazi yangu si anasa. Mvua ikishika huku Uasin Gishu, kuna mashamba ambayo bila four-wheel utayaona kwa mbali tu, ukiwa umesimama barabarani. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya kijani yenye mchoro wa magurudumu manne. Ukivuta kijiti, taa humetameta kwa muda mfupi, kisha hutulia. Ikitulia, magurudumu ya mbele yameshika. Ikiendelea kumetameta, hayajashika, na heri ugeuze gari mapema.

Mwaka mmoja mvua ilipoanza, ile taa ilikataa kutulia.

Mwenzangu mmoja alinielekeza kwa gereji moja kubwa pale mjini, yenye geti la bluu na ubao ulioandikwa kazi zote wanazozijua, na walidai kuzijua zote. Nilikwenda asubuhi nikiwa na Mwalimu kwa sababu nilikuwa nimpeleke shuleni baadaye. Mwenye gereji alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa, mtu wa makamo, ovaroli safi kuliko za mafundi wengine niliowahi kuwaona. Alinipita kana kwamba mimi ni mlango, akaenda kumsalimia Mwalimu.

"Karibu, boss. Gari inasumbua nini?"

Mwalimu hajui hata boneti hufunguliwa vipi. "Muulize mwenyewe," alisema. "Gari ni lake."

Yule mtu akacheka kidogo, akanigeukia. Nikamweleza pole pole, kama ninavyotaka mimi nielezwe na mfugaji: nikivuta kijiti, taa inametameta bila kutulia, na kwenye matope magurudumu ya mbele hayavuti. Nilitaja mambo yote mawili. Nakumbuka vizuri, maana baadaye nilikuja kuyarudia maneno hayo mbele ya watu.

"Sawa, mama. Mambo ya gari tuachie sisi." Kisha akamgeukia Mwalimu tena. "Boss, kuja jioni, itakuwa tayari."

Jioni tulipofika, aliwasha gari yeye mwenyewe akavuta kijiti. Taa ikawaka moja kwa moja, imetulia, kijani safi. "Umeona?" aliuliza. Nilimlipa, nikamshukuru. Hata nilimshika mkono. Katika mambo yote yaliyofuata, ile shukrani niliyompa ndiyo inaniuma mpaka leo.

Zikafuata wiki chache ambazo mvua ilipungua, na kazi ikawa karibu karibu, Kapseret na pande za uwanja wa ndege, mahali ambapo sikuhitaji kugusa kile kijiti. Halafu mvua ikarudi kwa nguvu, na siku moja saa za mchana nikapigiwa simu kutoka Chepsaita.

Aliyenipigia ni mama mmoja mzee, mjane, ambaye nimetibu ng'ombe wake tangu nilipoanza kazi. Watoto wake wako mbali. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, na yule ng'ombe ndiye aliyemsomeshea watoto, akamvisha na kumpeleka hospitali. Majirani na walimu wa shule ya karibu walinunua maziwa kwake. Mwenyewe hapigi simu ovyo. Akipiga, unaacha chakula mezani.

"Daktari, ng'ombe imezaa vizuri asubuhi," alisema. "Ndama iko sawa, ni jike. Lakini sasa mama yake amelala, hataki kuamka. Shingo amekunja kwa upande. Masikio yake ni baridi kama chuma."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Ilikuwa homa ya maziwa. Inaitwa homa lakini mwili haupati joto, unapoa. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi akizaa, madini ya kalsiamu mwilini mwake yote hukimbilia kwenye kiwele, misuli inalegea, anaanguka, na mwishoni moyo unachoka. Ukimfikia mapema ukamtia dawa kwenye mshipa, anainuka mbele ya macho yako na kuanza kutafuta nyasi. Hakuna kazi ninayoipenda kama hiyo. Lakini ukichelewa, hakuna kitu.

"Mama, usimpe chochote kwa mdomo," nilimwambia. "Mkalishe kwa kifua, umwegemeze na magunia. Asilale ubavu. Dawa ninayo hapa kwa gari, na four-wheel nimeshaitengeneza. Nakuja."

"Kuja haraka, mwanangu."

Kufika kwake kuna njia mbili. Moja inazunguka juu, ni ndefu, lakini imemwagwa kokoto na hata gari dogo linapita polepole. Nyingine inakata chini, inavuka kijito, halafu inapanda mlima wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Hiyo ya pili ni fupi sana, lakini siku za mvua huendi bila four-wheel. Pale njia panda nilisimama. Nilivuta kijiti. Taa ikawaka, imetulia kabisa, wala haikumetameta. Nikashika njia fupi.

Nataka hili lieleweke vizuri. Kama ile taa ingenionyesha ukweli, ningezunguka. Ningelalamika, ningepiga usukani, lakini ningezunguka na ningefika.

Kijito nilivuka. Katikati ya mlima gari likaanza kulegea nyuma. Nikaongeza moto kidogo. Mkia ukateleza kulia, ukateleza tena, na gurudumu la nyuma likaingia mtaroni. Nilirudisha, nikajaribu tena, matope yakirushwa hadi kwenye vioo. Niliangalia taa: kijani, imetulia. Nikashusha kioo, nikatoa kichwa nje kwenye mvua, nikakanyaga mafuta huku nikilitazama gurudumu la mbele.

Lilikuwa limetulia tuli. Injini inanguruma, magurudumu ya nyuma yanachimba shimo, taa inawaka kama kanisa siku ya Krismasi, na gurudumu la mbele halizunguki hata kidogo.

Nilichukua begi na chupa za dawa, nikapanda mlima kwa miguu. Nilianguka mara kadhaa. Nilizikumbatia zile chupa ili nikianguka niumie mimi, chupa zisivunjike. Nilipofika nilimkuta Mama ameketi kwenye nyasi za zizi akiwa na gamboti na koti la mvua, kichwa cha ng'ombe kiko mapajani mwake. Alikuwa ameweka magunia kama nilivyomwambia. Tumbo la ng'ombe lilikuwa limefura. Nilipiga magoti, nikaweka mkono nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele mahali moyo unaposikika, nikangoja, nikahamisha mkono, nikangoja tena.

"Acha, Daktari," Mama alisema. "Imeenda sasa hivi tu. Nilikuwa namwambia unakuja."

Upande wa pili wa zizi ndama alikuwa anajaribu kusimama, miguu ikimpotea, akianguka, akijaribu tena.

Mama hakulia. Aliniangalia nilivyolowa, matope mpaka kifuani. "Gari imefanya nini?"

"Imekwama mlimani. Four-wheel imekataa."

"Si uliniambia umeitengeneza?"

"Niliitengeneza, Mama."

Aliendelea kunitazama, na sikuona kama ananiamini, na sikumlaumu. Kisha tulifanya kazi ambayo sijawahi kuizoea. Tulikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, kutoka kwa ng'ombe aliyekufa, kwa sababu ndama alihitaji kuinywa siku hiyo hiyo na hapakuwa na kwingine pa kuipata. Mama alikamua kwa mikono yake mwenyewe, kiwele kikiwa bado na joto. Mimi nilishika ndoo.

Jirani alinitoa mtaroni kwa trekta. Nikiwa bado kwenye ile barabara, matope yakikauka usoni, nilimpigia simu yule fundi nikamweleza yaliyotokea. Hakuningoja nimalize.

"Mama, hiyo gari iko sawa," alisema. "Taa inashika ama haishiki?"

"Inashika."

"Basi four-wheel imeingia. Hapo shida ni uendeshaji. Wamama wengi hawajui vile four-wheel inaendeshwa. Mpatie mzee aendeshe, utaona."

Nilikata simu kwa sababu maneno yaliyokuwa mdomoni mwangu sikuyataka kuyasikia mimi mwenyewe. Mwalimu, huyo mzee niliyeambiwa nimpe gari, anaogopa hata kurudi nyuma kwenye maegesho ya soko.

Nyumbani Mwalimu alinisikiliza, akanipa taulo, akaniambia, "Tutafute fundi mwingine. Huyo achana naye."

"Siachani naye. Nataka kwanza kujua alifanya nini."

"Utajuaje?"

"Ng'ombe hasemi anaumwa wapi, na najua. Hili gari litanishinda?"

Jumamosi tuliliweka gari kwenye ua wetu pale Kimumu, mahali palipo imara. Niliziba magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, mbele na nyuma, kisha nikainua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kuweka kigogo chini ya ekseli ili kama jeki ingeteleza gari lisituangukie. Niliwasha injini, gia ikiwa huru, nikavuta kijiti. Taa ikawaka, imetulia. Nikamwambia Mwalimu ajaribu kuzungusha lile gurudumu lililo hewani.

Alilizungusha kwa vidole viwili. "Linazunguka vizuri," alisema, amefurahi kama amefaulu mtihani.

"Halitakiwi kuzunguka. Kama lingekuwa limeshika, lingekataa, kwa sababu ya nyuma yamezibwa na mawe na yote yangekuwa kitu kimoja."

Furaha ilimtoka usoni. Basi nikaanza kwenda hatua kwa hatua, kama ninavyomkagua mnyama kuanzia mdomoni. Kwanza kile kijiti chenyewe: kilikuwa kinafanya kazi? Nilizima injini kijiti kikiwa palepale, nikalala chini ya gari, nikashika ile propela inayopeleka nguvu mbele, nikajaribu kuizungusha. Ilikuwa imekaza, haisogei. Kwa hiyo nguvu ilikuwa inatoka kwenye sanduku la gia na kufika mbele. Ilikuwa inapotelea kwenye ekseli, mahali ambapo vipande viwili hutakiwa kuungana four-wheel ikiingia.

Kwenye gari hili kazi ya kuunganisha vile vipande hufanywa na kikopo kidogo kilicho juu ya ekseli. Injini inanyonya hewa kupitia paipu nyembamba za raba, ule mnyonyo unavuta kifimbo kilicho ndani ya kikopo, na kifimbo kinasukuma vipande vikutane. Niliwasha injini tena, nikachomoa paipu kwenye kikopo, nikaziba mdomo wake kwa kidole. Hainyonyi. Hakuna kitu. Nikaifuata paipu ile kwa mkono kurudi juu kuelekea injini, sentimita kwa sentimita, na karibu na mahali penye joto vidole vyangu vikaingia kwenye ufa. Raba ilikuwa imekauka kama ngozi ya kuku aliyesahaulika motoni, imepasuka kwa urefu. Juu ya ule ufa, mnyonyo ulikuwepo, tena mwingi.

Basi. Ugonjwa wote ulikuwa paipu ya raba iliyozeeka.

Ili nihakikishe, nilipachika kipande kifupi cha paipu ya dripu kwenye kile kikopo, nikakinyonya kwa mdomo. Tulisikia sauti, *tok*, ndani ya ekseli. "Zungusha sasa," nilimwambia Mwalimu. Alishika gurudumu kwa mikono yote miwili, akavuta, uso ukamwiva. Halikusogea.

Tulikaa pale kwenye nyasi tukiangaliana. Ndipo Mwalimu, ambaye kazi yake ni kuuliza kwa nini, akauliza swali ambalo hasira zangu zilikuwa zimelificha. "Sasa kama hayakuwa yameshika, taa ilikuwa inawaka kwa nini?"

Kwenye ile ekseli kuna swichi ndogo. Vipande vikikutana, swichi inafunga, na taa inatulia. Nilichukua tochi nikautafuta waya wa swichi hiyo. Haukufika kwenye swichi. Ulikuwa umekatwa, ukamenywa, ukafungwa moja kwa moja kwenye bolti ya bodi, kisha ukavishwa mkanda mweusi. Kila kitu kingine chini ya lile gari kilikuwa na vumbi na grisi ya miaka mingi. Ule mkanda ulikuwa mpya, unang'aa.

Nilimwita Mwalimu aingie chini aone. Nilimweleza: waya ukifungwa hivi, taa itaamini kila wakati kuwa magurudumu yameshika, hata ukiyang'oa ukayauza. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu mume wangu, mtu mpole, mzee wa kanisa, asiyepaza sauti hata darasani, aliinuka kwa ghafla mpaka akagonga kichwa kwenye gari, akatamka neno ambalo sijawahi kumsikia akilitamka kabla wala baada ya siku hiyo.

Nilinunua paipu mpya kwenye duka la vipuri, nikazibadilisha zote, hata ambazo hazikuwa na ufa. Ule waya sikuugusa. Nilitaka ubaki ulivyo. Kisha nikaenda na gari kwenye shamba la jirani lililojaa maji, nikavuta kijiti, nikapita katikati ya matope kama napita sebuleni.

Tulikwenda Chepsaita kwanza, mimi na Mwalimu. Sikuweza kumwacha Mama akidhani nilimdanganya. Nilimweleza yote pale zizini, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kuendesha gari, nilimweleza kwa njia nyepesi: nilimpelekea mtu kitu kilichovunjika, akaacha kimevunjika, akanionyesha kana kwamba ni kizima.

Mama aliuliza, "Huyo mtu anakaa wapi?"

"Ana gereji mjini Eldoret."

Mama aliingia ndani. Tulifikiri ameenda kuleta viti. Alitoka akiwa amevaa koti lake la Jumapili, kitambaa cha kichwa na viatu vya ngozi. Akafunga mlango kwa kufuli.

"Twende," alisema.

Gereji ilikuwa imejaa wateja. Mwenyewe alipotuona alimkimbilia Mwalimu kama kawaida yake, kisha akaona sura yake, akapunguza mwendo. Akanisalimia mimi kwa lugha ya nyumbani kwetu, lugha ya mama yangu, akidhani itanilainisha. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nilikuletea hii gari nikakwambia magurudumu ya mbele hayavuti. Kuja uone ulichofanya."

Alikuja. Nilimmulikia ule waya. Alichuchumaa akautazama, na nilimwona akitafuta uso wa kuvaa. Alipoinuka alikuwa ameupata.

"Mama, si wewe ulisema taa inametameta haitulii?" aliuliza. "Mimi nilitengeneza taa."

Nimesikia majibu mengi ya kijeuri maishani mwangu. Hilo sijapata lingine la kulishinda. Mtu mmoja pale nyuma alicheka, akadhani ni utani.

"Umesema ulitengeneza nini?" Mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na fundi hakuwa amemtambua.

"Taa, Mama."

"Ng'ombe yangu ilikufa."

Fundi alimtazama, akanitazama. "Pole, lakini Mama, mimi si daktari wa ng'ombe. Hayo muulize daktari."

Nilifungua mdomo, lakini Mwalimu alinitangulia. Hakupaza sauti. Aliwageukia wale wateja kama anavyogeukia darasa, akawaeleza kwa ufupi: paipu iliyopasuka, waya uliofungwa kwenye bodi, mlima, ng'ombe. Kisha akauliza, "Kuna mwingine hapa ambaye ametengenezewa taa?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamume mmoja mwenye pikapu ya kubeba mahindi alisema polepole kwamba taa yake ya oili ilikuwa inawaka, na sasa haiwaki. Akaenda kufungua boneti. Mwingine akamfuata. Mwenye gereji aliona watu wanaanza kuinama kwenye magari yao, akaona jua linamzamia.

"Mnataka nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na majibu mengi, mengine hayafai kuandikwa. Mama alikuwa na moja. Alifungua mlango wa gari langu.

"Ingia," alisema. "Twende uone."

Aliingia. Nadhani alitaka tu kutoka mbele ya wale watu. Mama na Mwalimu walibanana mbele, fundi akakalia ndoo kule nyuma kusiko na kiti. Pale njia panda nilishika njia fupi kwa makusudi. Mvua ya usiku ilikuwa imeiacha ikiteleza, na tulipopita penye mtaro alama za magurudumu yangu bado zilionekana. Gari lilipanda bila kusita. Yeye alishika kile kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono miwili, na sikuendesha taratibu.

Mama alimpeleka nyuma ya zizi, kwenye rundo la udongo mpya. Akampeleka kwa ndama, ambaye alikuwa akinywa maziwa ya jirani kwenye ndoo. Halafu akatuletea chai, mimi na Mwalimu, chai nzito ya maziwa aliyoomba kwa watu, yeye aliyekuwa akiwauzia. Fundi alibaki amesimama. Kwa wasiojua watu wa huku, hata mkusanya kodi hupewa chai. Yeye hakupewa.

"Pole sana, Mama," alisema hatimaye.

"Pole ni ya jirani aliyekuja kusikia," Mama alimjibu. "Wewe hukusikia. Wewe ulikuwa hapa siku ile, ndani ya gari ya daktari. Sasa utalisha huyu mtoto mpaka aache maziwa."

"Nitalisha."

"Si mimi utaniambia. Mwambie daktari, ndiye anajua anakula nini."

Fundi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinisikiliza mpaka nikamaliza: maziwa ya unga ya ndama, kiasi gani, yapashwe moto vipi, lini aanzishwe nyasi. Aliuliza hata maswali.

Tulipokaribia mjini aliniomba nimshushe kwenye kituo cha mafuta, atembee kidogo. Nilijua sababu. Nilimpita mhudumu wa mafuta aliyekuwa amenyoosha mkono, nikaenda mpaka kwenye geti la bluu, nikasimama katikati ya lango, nikapiga honi ndefu mpaka mafundi wake wote wakatoka kuangalia nani anashuka.

Ningependa kuandika kwamba alibadilika. Alileta maziwa mwenyewe kwa muda, kisha akaanza kutuma mtu, kisha simu ikawa haipatikani. Mama akanipigia. Tulikwenda gereji tena, mimi na Mwalimu, tukakaa kwenye benchi la wateja, na kila aliyeingia Mwalimu alimsalimia kwa heshima na kumuuliza gari lake linasumbua nini. Maziwa yakaanza kufika tena, yakafika mpaka ndama akaacha. Ile gereji bado ipo. Wamepaka ubao rangi mpya. Wengine wananiambia siku hizi anafanya kazi nzuri, na huenda ni kweli, lakini mimi nikipita pale damu bado inanichemka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumchanja yule ndama, ambaye sasa ni mtamba mkubwa mwenye kichwa kigumu. Nilimuuliza Mama kama ameshamsamehe yule mtu.

Alifikiria kwa makini, kama swali linavyostahili. "Pasta aliniuliza hivyo hivyo," alisema. "Nilimwambia bado. Wewe?"

"Hata mimi bado."

"Haya," alisema, akanirushia kamba. "Shika huyu vizuri, anapiga teke."